Sehemu za siri, siri za nani? Majibu ya maswali yenu kuhusu ulinzi wa watoto

Barua zilizotufikia safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: tufanye nini ili mtoto asinyanyaswe kingono, na akinyanyaswa asinyamazishwe? Tumechagua saba. Baadhi ya majibu ni marefu, kwa sababu katika jambo hili ushauri wa juu juu huumiza watu.

Mwanangu ana miaka minne. Nyumbani tunaita sehemu zake za siri kwa majina ya kitoto tuliyoyabuni wenyewe. Rafiki yangu anasema nimfundishe majina halisi. Je, huko si kumfungua macho mapema? Na nianzie wapi?
*Mama wa wawili*

Hutamharibu, mama. Mtoto anayejua kusema uume, uke, matako na matiti ana maneno ya kueleza likimpata jambo, na anayemsikiliza anaelewa papo hapo. Mtoto aliyezoeshwa kusema "kindege" anaweza kumwambia mwalimu wake kwamba fulani amemshika kindege chake, mwalimu akatabasamu na kuendelea na somo. Mtoto huyo amesema, na hakuna aliyesikia. Mara nyingi hasemi tena.

Wakati mzuri ni wa kuoga na kuvaa, tangu mtoto anapoanza kujifunza majina ya viungo. Sauti iwe ileile: hili goti, hiki kitovu, huu uume. Hakuna haja ya kikao.

Kuna mtego katika lugha yetu ambao tunaomba uutazame vizuri. Tunamwambia mtoto kwamba hizi ni "sehemu za siri", kisha tunamtaka asitunze siri mtu akimgusa hapo. Mtoto wa miaka minne hawezi kuzitenganisha siri hizo mbili. Ama useme "sehemu za faragha", ama uimalize sentensi: "Zinaitwa za siri kwa sababu zinafunikwa na nguo, si kwa sababu hazizungumzwi." Kisha mfundishe tofauti ya siri na jambo la kushtukiza. Zawadi ya kumshtukiza baba ina siku yake ya kufunguliwa, na siku hiyo kila mtu hufurahi. Jambo ambalo mtu anasema lisisemwe kamwe, hilo mama huambiwa, hata aliyelikataza awe nani.

Kanuni ya kugusa iwe na mipaka anayoweza kuikumbuka: hakuna anayegusa wala kutazama sehemu zinazofunikwa na chupi, hakuna anayemwambia yeye aguse za mwingine, na hakuna anayezipiga picha. Wanaomsafisha na daktari wana ruhusa, lakini kwa daktari mzazi awepo. Halafu mtajie, au yeye akutajie, watu wazima watatu anaoweza kuwaambia jambo lolote, na mmoja wao awe anaishi nje ya nyumba yenu. Rudia swali hilo kila baada ya miezi michache, maana watu huhama na mapenzi ya watoto hubadilika.

Makosa mawili huiharibu kazi hii yote. La kwanza ni kumtisha kwa watu asiowajua peke yao. Wengi wa wanaonyanyasa watoto ni watu ambao mtoto anawafahamu na familia inawaamini. Kikulacho ki nguoni mwako. La pili ni kumlazimisha akumbatie na kubusu wageni, kisha kumwambia kwamba mwili ni wake. Akikataa kukumbatia, na asalimie kwa mkono au kwa mdomo, adabu haipungui.

Mwishowe, usiishie kwenye "sema hapana, kimbia". Watoto wengi huganda, na aliyeganda hubaki akiamini kwamba alishindwa mtihani. Ongeza maneno haya na uyarudie: "Hata kama hukusema hapana, hata kama ulipokea zawadi, hata kama ni zamani, kosa si lako na bado unaweza kuniambia."

Tunaendesha kituo cha masomo ya ziada na michezo chenye watoto 120, wafanyakazi tisa na vijana kadhaa wanaojitolea. Sera ya ulinzi wa mtoto tunayo, na kila mmoja ameisaini. Mfadhili ameridhika. Mimi bado. Tufanye nini ili isibaki kwenye faili?
*Msimamizi wa kituo*

Una haki ya kutoridhika. Sahihi haimlindi mtoto. Australia iliunda tume ya kifalme iliyochunguza unyanyasaji wa watoto katika taasisi kuanzia mwaka 2013 hadi 2017. Tume iliwasikiliza faraghani zaidi ya watu 8,000 na kutoa ripoti ya juzuu 17. Kwa wastani watu hao walikuwa wamekaa karibu miaka 24 kabla ya kumwambia mtu yeyote. Kilichojirudia kutoka taasisi moja hadi nyingine ni viongozi waliolinda jina la taasisi kabla ya kumlinda mtoto. Ndiyo maana kanuni kumi za kitaifa zilizofuata huko zinaanzia kwa uongozi na utamaduni wa taasisi. Masomo kwa watoto hayawekwi mbele.

Anza kwa miguu. Chukua daftari, uzunguke kituo chote mara tatu: watoto wanapofika, katikati ya shughuli, na wanapoondoka. Kila mahali jiulize: nani anaweza kuwa hapa peke yake na mtoto, kwa muda gani, bila kuonekana? Utaandika stoo ya vifaa, vyoo, ofisi yenye pazia, gari la kituo, na ile nusu saa ya mwisho ambapo mtoto aliyecheleweshwa na wazazi hubaki na mtu mmoja. Kisha wape watoto karatasi wachore ramani ya kituo na wapake rangi nyekundu mahali wanapoogopa au wasipopapenda. Watakuonyesha pembe ambayo wewe hukuiona hata kwa mizunguko mitatu.

Marekebisho mengi ni madogo: kioo kwenye mlango, au mlango kubaki wazi, funguo kuhesabiwa na kuandikwa nani anazo, stoo kufungwa isipotumika, watu wazima wawili kubaki hadi mtoto wa mwisho achukuliwe. Fanyeni haya kabla ya kuandika upya ukurasa wowote wa sera.

Mkifika kwenye kuandika, kumbukeni kwamba "tuwaheshimu watoto" si kanuni, kwa sababu hakuna anayeweza kukamatwa akiivunja. Kanuni husema hivi: mfanyakazi hamtumii mtoto ujumbe wa faragha kwenye simu, ujumbe hupita kwenye kundi ambamo mzazi yumo. Hampi mtoto mmoja zawadi wala fedha. Hamchukui mtoto mmoja kwenye gari. Mafunzo ya mtu mmoja hufanyika chumba kinachoonekana kutoka nje, na huandikwa kwenye daftari saa na jina. Dharura ikilazimisha kanuni ivunjwe, aliyeivunja hueleza siku hiyohiyo kwa maandishi.

Kwa nini tukazanie vitu vidogo hivi? Mtafiti wa Marekani, David Finkelhor, alieleza mwaka 1984 kwamba unyanyasaji hutokea pale vizuizi vinne vinapovukwa: mtu awe na msukumo, ashinde kizuizi cha dhamiri yake, apenye vizuizi vya nje, kisha ashinde upinzani wa mtoto. Viwili vya kwanza vimo ndani ya mtu na wewe huvioni. Cha nne, upinzani wa mtoto, ndicho dhaifu kuliko vyote, na cha kusikitisha ni kwamba ndicho tunachopenda kukifanyia semina. Cha tatu kiko mikononi mwako. Tena, anayekusudia mabaya huanza kwa kupima: huvunja kanuni ndogo mbele ya watu aone kama kuna atakayesema. Kituo ambacho mtu husemeshwa kwa upole siku ya kwanza anapompa mtoto mmoja soda faraghani kimemwonyesha kwamba hapa watu wanatazama.

Katika kuajiri, cheti cha polisi kinahitajika lakini humnasa tu aliyekwisha kuhukumiwa. Pigia simu wadhamini wawili, mmoja akiwa mwajiri wa mwisho aliyemsimamia akiwa na watoto, na namba ya taasisi hiyo itafute mwenyewe badala ya kutumia aliyokupa mwombaji. Uliza moja kwa moja: "Ungempa tena kazi ya watoto? Liliwahi kutolewa lalamiko lolote juu yake?" Kusitasita kwa anayejibu nako ni jibu. Miaka isiyoelezwa kwenye wasifu iulizwe. Miezi mitatu hadi sita ya mwanzo asiachwe peke yake na watoto. Na haya yote yawahusu wanaojitolea pia. Hapo ndipo vituo vingi huteleza, kwa sababu "huyu kijana ni wetu, tunamjua".

Mambo ya kuripoti ndiyo hukwamisha wengi. Teua watu wawili, mwanamke na mwanamume, wasio ndugu, wala mmoja asiwe bosi wa mwenzake, pamoja na mtu wa tatu aliye nje ya kituo. Majina na picha zao zibandikwe kwa kimo cha macho ya mtoto. Sanduku la maoni lililo mlangoni mwa mkurugenzi halitapokea barua yoyote ya maana. Liweke karibu na vyoo au maji ya kunywa, lifunguliwe na wawili kila wiki, na watoto waelezwe nini kilifanyika kwa yale waliyoandika. Muwe pia na daftari la mashaka madogo. Shaka moja huenda isiwe kitu, lakini mashaka matano kutoka kwa watu watano wasiozungumza wao kwa wao ni picha kamili.

Lalamiko la unyanyasaji likija, liende kwa mamlaka za serikali, na mkurugenzi asiwe chujio. Anayetuhumiwa aondolewe kwenye kazi za watoto mara moja wakati uchunguzi ukiendelea, bila kumhukumu. Msikubali kamwe ajiuzulu kimyakimya na kuondoka na barua nzuri ya utambulisho. Huko ni funika kombe mwanaharamu apite, na anakopita ni kwenye kituo kingine chenye watoto wengine.

Ninafundisha watoto mpira kwa kujitolea. Siku hizi naogopa hata kumshika bega mtoto anayelia baada ya kuumia, nisije nikasingiziwa. Je, niache kabisa kuwagusa?
*Kocha*

Usiache, kocha. Mtoto aliyeumia anahitaji kufarijiwa, na timu ambayo watu wazima ni baridi kama jiwe haiwi salama zaidi. Angalia mambo manne: mguso uwe kwa haja ya mtoto na si yako, uwe mbele ya watu, mwombe kwanza ("nikushike bega?"), na uache akijikunyata. Ukirekebisha mkao wa mwili, taja unapogusa kabla ya kugusa. Kanuni za kuonekana humlinda mtoto, na hukulinda wewe pia: aliyekuwa mbele ya watu daima ana mashahidi.

Mtoto wa darasa langu, miaka tisa, ameniambia kwamba mjomba wake "humfanyia tabia mbaya". Akaniomba nisimwambie mtu. Nilimkubalia. Sasa nimekwama.
*Mwalimu*

Mwalimu, kesho asubuhi, kama si leo, mwite mtoto na umwambie: "Nilikuahidi kitu ambacho sikupaswa kuahidi. Ulichoniambia ni kikubwa, na ili uwe salama lazima niwaambie watu wachache ambao kazi yao ni kusaidia watoto. Nitakueleza kila ninachofanya." Ataumia kidogo. Ataumia zaidi akigundua kwamba ulinyamaza.

Usimhoji. Unahitaji kujua mambo matatu tu: nini kimetokea kwa maneno yake, nani, na kama yuko hatarini leo akirudi nyumbani. Tumia maswali mapana kama "niambie zaidi" au "kisha ikawaje?" Usiulize "alikugusa huku?", maana ukimpa jibu ndani ya swali, wakili wa upande wa pili atasema wewe ndiye uliyemtia maneno mdomoni. Usimwulize "kwa nini hukusema mapema"; mtoto husikia hapo kwamba kosa ni lake. Sema: "Ninakuamini. Umefanya vizuri kuniambia. Kosa si lako." Kisha, ndani ya saa moja, andika maneno yake kama alivyoyatamka, hata "tabia mbaya" iandikwe hivyohivyo, pamoja na tarehe, saa, mahali na sahihi yako.

Ripoti siku hiyohiyo kwa mhusika wa ulinzi wa mtoto shuleni na kwa ustawi wa jamii au polisi, kadiri sheria ya nchi yako inavyotaka. Usimwite mjomba. Usiite kikao cha familia. Kikao huwapa watu muda wa kumtisha mtoto, kuosha nguo na kupanga fidia, na mtoto hurudi nyumbani akiwa ameshindwa mbele ya wote.

Kama tukio la mwisho ni la karibuni, hospitali haingoji polisi. Dawa za kinga dhidi ya VVU hufaa zikianza ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake; humezwa kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba, kwa msichana aliyekwisha kuanza kubalehe, hutolewa ndani ya saa 120. Ikiwezekana asioge wala kubadili nguo kabla ya kupimwa. Nguo zilizovuliwa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa kuwa unyevu huozesha ushahidi. Akiwa ameshaoga, aende vilevile.

Na tafadhali kumbuka hili, maana kesi nyingi hufia hapa: daktari kutoona jeraha hakumaanishi kwamba hakuna kilichotokea. Watoto wengi walionyanyaswa hupimwa na kuonekana wa kawaida, ama kwa sababu tendo halikuacha alama, ama kwa sababu alama zimepona. Pia mtoto anaweza kukana aliyoyasema baada ya wiki moja. Daktari wa akili Roland Summit aliandika kuhusu hali hiyo mwaka 1983: mtoto husema, huona nyumba inavyotikisika, hujaribu kuirudisha ilivyokuwa kwa kusema alidanganya. Kukana kwake pekee kusiwe sababu ya kufunga jalada.

Shirika letu linapanga kampeni ya kuelimisha umma. Iliyopita ilikuwa na mabango ya mtoto analia gizani na kivuli cha mwanamume. Watu walikuja, wakapiga makofi, wakaondoka. Tulikosea wapi?
*Mratibu wa mradi*

Bango lenyewe lilikosea. Limewaambia watu kwamba hatari ni kivuli kisicho na uso, wakati wao wanaishi na nyuso. Aliyeliona alihuzunika, akamshukuru Mungu kwamba mtaani kwake hakuna vivuli.

Tatizo ni kubwa mno kuachiwa huzuni. UNICEF ilikadiria mwaka 2024 kwamba wasichana na wanawake zaidi ya milioni 370 walio hai leo, yaani mmoja katika kila wanane, walibakwa au kushambuliwa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa wavulana na wanaume makadirio ni kati ya milioni 240 na 310, karibu mmoja katika kila 11. Hao wavulana kampeni nyingi huwasahau kabisa; hakikisheni wamo kwenye picha na maneno yenu.

Chagueni kundi moja na tendo moja. "Tulinde watoto" si tendo. "Muulize mwalimu mkuu nani anapokea malalamiko ya watoto hapa" ni tendo, na mzazi anaweza kulifanya kesho. "Ukimwona mtu mzima akimtenga mtoto mmoja kila mara, mwambie: njooni mkae hapa na sisi" ni tendo jingine, halihitaji ushahidi, halimtuhumu mtu, na linaondoa nafasi. Mpeni mtu maneno yenyewe ya kusema, kwa sababu kinachomnyamazisha jirani ni kutojua aanze vipi.

Wapo pia wanaohisi mvuto kwa watoto na hawajamgusa mtoto. Marekani shirika la Stop It Now! lilianzishwa mwaka 1992, na baadaye likafungua laini ya simu kwa watu hao na kwa jamaa zao, na Berlin mradi wa Dunkelfeld ulianza mwaka 2005 ukiwaita waje kutibiwa kabla ya kosa. Ni jambo gumu kulisema jukwaani, tunakiri. Lakini mke anayemshuku mumewe anahitaji mahali pa kupiga simu kabla hajapata uhakika, na sisi tunaona ni haki kumpa.

Kuhusu masomo ya shuleni, uchambuzi wa mwaka 2015 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopitia tafiti za afya, ulikusanya tafiti 24 zenye watoto 5,802. Watoto waliofundishwa walijua zaidi namna ya kujilinda, na hakukuonekana dalili kwamba masomo yaliwatia hofu. Kwamba unyanyasaji wenyewe ulipungua, tafiti hizo hazikuweza kuthibitisha. Kwa hiyo fundisheni, kwa vipindi vifupi vinavyorudiwa na kuigizwa, lakini msimwachie mtoto mzigo.

Onyo moja la mpangilio: kabla bango la kwanza halijabandikwa, wafunzeni watakaopokea taarifa, yaani walimu, wauguzi na wapokea simu. Watoto watasema siku ileile ya somo. Na ripoti zikiongezeka miezi ya mwanzo, mweleze mfadhili mapema kwamba hiyo ni ishara ya imani ya watu, si ya kushindwa kwenu.

Binti yangu wa miaka sita alikutwa na mwenzake wa umri huohuo wakionyeshana sehemu zao. Niwachukulieje?
*Mzazi*

Kwa utulivu. Watoto wa rika moja wanaochunguzana kwa kicheko, bila kulazimishana, na wanaoacha wakielezwa, kwa kawaida wanaongozwa na udadisi. Waambie wavae, rudia kanuni ya faragha, wapeni mchezo mwingine. Tafuta msaada wa mtaalamu ukiona tofauti kubwa ya umri au nguvu, vitisho, siri, kurudia baada ya kukatazwa, au matendo ya kiutu uzima ambayo mtoto wa umri huo hangeyajua bila kuyaona au kufanyiwa. Usimwite mtoto mbakaji. Jina hilo humganda, ilhali watoto wengi hubadilika wakisaidiwa mapema.

Mtu aliyejifanya msichana amempata kijana wangu wa miaka 14 kwenye mtandao, akapata picha yake ya utupu, sasa anadai fedha. Tulipe?
*Baba*

Msilipe. Anayelipwa mara moja hurudi kudai zaidi. Mwambie kijana kwanza kwamba humkasirikii, na usimwache peke yake siku hizi. Aibu ya namna hii imewafanya vijana wengine wajidhuru. Acheni kumjibu mtu huyo, lakini msifute chochote: hifadhini jina la akaunti, ujumbe, namba ya malipo na saa. Kisha mzuieni na muiripoti akaunti kwa mtandao husika na kwa polisi. Picha yenyewe usiitume kwa mtu yeyote, hata kwa nia ya kutoa ushahidi, maana katika nchi nyingi kuisambaza ni kosa. Peleka simu polisi, waitazame humo. Ipo pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Picha haitoki kwenye simu yenu: programu huitengenezea alama ya kidijiti, na alama hiyo pekee ndiyo hutumwa kwa mitandao iliyojiunga, ili picha ikiwekwa huko itambuliwe na kuondolewa.